Mpiga Ngoma wa Nyuma ya Ukuta

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya! La zamani limejaa vipimo vya viuno vya watoto wa shule, halina nafasi ya mambo yangu. Humu hapimwi mtu.

Mkono wa kushoto umelala na sindano zake mbili. Wa kulia uko huru. Saa nne kwenye kiti hiki, mara tatu kwa wiki, haziishi kwa kutazama dari. Basi niandike. Na leo lipo la kuandika.

Dereva ametangaza kwamba mwezi huu ukiisha hatakuja tena kusafishwa damu. Amesema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwambia utingo wake waegeshe wapi. Mwezi ukiisha mimi nashuka, alisema. Kisha akaomba blanketi.

Tuko wanne zamu ya asubuhi: Dereva dirishani, mimi wa pili, Mwalimu wa tatu, Kinyozi karibu na mlango. Wote tunajua maana yake. Bila mashine, wiki mbili ni nyingi. Sista alitueleza hivyo kila mmoja siku yake ya kwanza, bila kuzungukazunguka.

Nilitaka kusema kitu. Nikaishia kumwuliza kama miguu imemkaza. Mimi, ambaye wateja wananiogopa mdomo!

Tukachomeka waya kama kawaida. Waya huu aliutengeneza shemeji yangu fundi umeme: simu moja, matundu manne, kila mtu na hedifoni zake. Muziki wa wazi hauruhusiwi humu, Sista lazima asikie mashine zikilia. Kwa hiyo wanne tunasikia kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mtu akiingia mlangoni anatuona kimya tukitikisa vichwa kama wendawazimu.

Kanuni ni zangu na sizijutii. Wimbo uwe mpya kwako, umeukuta wiki hii, haijalishi umerekodiwa lini. Useme umeupata wapi. Hakuna kuongea mpaka uishe. Ukiisha, kila mtu atoe neno lake. Nyimbo za kukumbukia nimezipiga marufuku tangu Mwalimu alipoleta wa harusi yake. Tulilia wote, presha zikashuka, mashine mbili zikapiga kelele kwa pamoja, Sista akaja mbio.

Zamu ilikuwa ya Kinyozi. Ameleta kijana mwenye sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi, na gitaa la nyuzi chache. Anasema mteja alimwonyesha huku nusu ya kichwa imenyolewa, wakasikiliza wote wawili mpaka mwisho, mteja wa pili akanuna akaondoka. Mwalimu amesema kijana huyo anahitaji uji. Mimi nimeupenda. Dereva naye alikuwa na neno lake lile lile: siku hizi hakuna anayepiga, wanabonyeza tu.

Zamu yake mwenyewe ameshairuka mara tatu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshona sketi kumi na mbili na kuharibu mbili. Akili haikuwepo.

Siku yangu ya kwanza pale nililia tangu walipochoma sindano mpaka walipotoa. Baridi ilinitetemesha meno. Dereva alivua blanketi lake akamwambia Sista amfunike huyu mwenye kelele. Sikumjua hata kidogo. Mwaka wa tatu sasa.

Niseme ukweli, hakuna anayesoma humu. Namwogopea yeye, na najiogopea mimi. Ziko asubuhi ambazo nakaa kitandani nikitazama viatu nisiweze kuvivaa. Navivaa kwa sababu kile kiti cha dirishani kina mtu anayenisubiri anitanie. Kikiwa kitupu sijui.

Jumatano, 5 Machi

Nimezungumza na binti wa Dereva kwenye korido. Ndiye anayemleta kila mara. Anafanya kazi ya kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na siku tatu kwa wiki anafika kazini amechelewa. Ameshaonywa mara mbili. Baba yake amejua, sijui nani kamwambia.

"Shangazi, kila siku ananiuliza kama nimechoka," aliniambia. "Nikisema sijachoka, haniamini. Nikinyamaza, ndiyo anaamini kabisa."

Kumbe ndiyo hilo. Mzee anajiona mzigo. Miaka arobaini amebeba mizigo ya watu, sasa anaona amegeuka yeye.

Mwalimu ameleta wimbo wa wasichana wa lugha tusiyoijua hata mmoja wetu. Ameupata kwenye simu aliyomnyang'anya mwanafunzi darasani. Tumekisia maneno. Kinyozi anaapa wanaimba kuhusu mbuzi. Tumecheka mpaka mashine yangu ikalia. Dereva alicheka kidogo, nilimwona, kisha akageukia dirisha.

Nimeamua. Hashuki. Sijui nitafanyaje, lakini hashuki.

Jumamosi, 8 Machi

Jumatatu ni zamu yangu, na nilikuwa mikono mitupu mpaka leo saa kumi jioni.

Chumba changu cha kushonea kimegawana ukuta na ukumbi wa mtaa. Kwaya ya akina mama inafanya mazoezi pale Alhamisi na Jumamosi. Kwa kawaida wanarudia nyimbo zile zile nne, nimezichoka kama maharage ya wiki. Leo wameanza mpya! Sauti nene chini, kisha mmoja anapanda peke yake, wengine wanamfuata wamechelewa kidogo makusudi. Nywele zilinisimama.

Nikaweka simu juu ya meza ya cherehani, kichwa kikitazama ukuta, nikabonyeza kurekodi. Nikaendelea na pindo, sketi thelathini zinasubiriwa. Jioni nimesikiliza mwanzo, sauti ipo, safi. Nalala na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu.

Jumatatu, 10 Machi

Ee Mola. Sijui nicheke au nilie.

Nilichomeka waya, nikasema nimeupata nyuma ya ukuta wangu, nikabonyeza. Mwanzo akina mama peke yao. Nusu dakika hivi. Halafu — tukutuku-tukutuku-tu. Tukutuku-tukutuku-tu. Cherehani yangu! Kanyagio, gurudumu, kila kitu, kwa sababu simu ilikuwa juu ya meza yake. Niliposikiliza nyumbani nilikuwa nimesikia kile kipande cha kabla sijaanza kukanyaga.

Nikanyoosha mkono nizime. Kanuni ni yangu: hakuna kuongea mpaka uishe, sembuse kuzima. Nikajikaza.

Na hapo Dereva akafumbua macho. Akainuka kidogo kwenye kiti. Kidole chake kikaanza kugonga mkono wa kiti, tukutuku-tu. Kwa dakika nne hakutazama dirisha hata mara moja. Ulipoisha alivua hedifoni akauliza huyo anayepiga chini ni nani.

Ningesema pale pale. Ilikuwa sekunde moja ya kusema. Nikasema simjui.

"Huyo ni mtu," Dereva alisema. "Habonyezi. Anasimama, anavuta pumzi, anaendelea. Mwulize, Fundi. Ana nyingine?"

Nikamwambia nitauliza. Ulimi umeteleza na mimi nimeteleza nao.

Mwalimu alisema wale wa alto, sauti ya pili, ni wazuri. Hakuna aliyemsikiliza.

Jumatano, 12 Machi

Dereva hajapimwa hata uzito, ananiuliza habari za mpiga ngoma. Sista amenitazama, mimi nimetazama mzani.

Nikamwambia mtu mwenyewe ni mwenye aibu, hapendi kujulikana. (Hilo si uongo.) Lakini Ijumaa nitaleta nyingine. Akauliza kama huyo hupiga kila wiki. Nikasema anapiga kila siku, ndiyo riziki yake. (Hilo nalo si uongo! Nimekuwa wakili.)

Kisha akamwambia binti yake alipokuja kumchukua kwamba Ijumaa wawahi, kuna wimbo. Amesema wawahi! Mtu ambaye kila asubuhi anasukumwa kutoka kwenye gari. Binti amenitupia jicho juu ya bega lake, jicho limejaa maswali.

Sijutii. Najuta kidogo. Lakini najua ninachokifanya: kila wimbo unamfikisha siku mbili mbele, na siku mbili mbele nitatafuta nyingine.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

Kwaya ilipoanza nikaweka simu mezani, nikakanyaga bila kitambaa, nikifuata wimbo kama mpiga ngoma kweli. Nikasikiliza. Aibu! Pigo gumu, limenyooka, kama mtoto anayetembea mbele ya wageni. Nikarudia, vilevile. Nikarudia tena, mbaya zaidi, na mguu wangu ukavimba.

Nikaacha. Kola zilikuwa zinanisubiri, nikaamua nishone tu, potelea mbali. Simu nikaisahau ikirekodi. Kola ni kazi ya vipande vifupi: unashona, unasimama kwenye kona, unageuza kitambaa, unashona. Katikati uzi ulikatika, nikatukana kimoyomoyo, nikatunga tena.

Nimesikiliza sasa hivi. Hicho ndicho. Ni kazi yenyewe inayopiga, mimi nikiacha kuiingilia.

Ijumaa, 14 Machi

Zamu ilikuwa ya Mwalimu. Amenipa yake bila kuulizwa, anasema anataka kuona uso wa Mzee.

Dereva alisikiliza amefumba macho. Pale uzi ulipokatika aliinua kidole. Ulipoisha akasema hapo katikati ameacha, kwa nini ameacha? Nikasema labda kuna kitu kilimkatikia. Akatikisa kichwa. Akasema ndiyo maana anampenda, anaharibikiwa na anarudi, haanzi upya kutoka mwanzo. Alisema hivyo taratibu, hakuwa anatuambia sisi.

Nikajifanya nakohoa.

Baadaye Dereva aliposinzia, Kinyozi aliniita kwa mkono. Kwa kunong'ona.

"Dada Fundi. Mama yangu alinilea kwa cherehani."

Nikamwambia anyamaze. Akasema atanyamaza, lakini siku ya kujulikana yeye hayupo, amekwenda msalani. Kijana mjinga. Ninampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Leo Dereva hakutaja mwisho wa mwezi. Ni mara ya kwanza tangu tarehe tatu.

Jumamosi, 15 Machi

Zipu ishirini. Kwaya imeimba ule mpya mara tatu, nimerekodi mara tatu. Zipu zinapiga vizuri kuliko kola, nani angejua! Mguu bado umevimba, nimeuweka juu ya kiti. Sista asijue.

Jumatatu, 17 Machi

Binti wa Dereva alinikuta mlangoni, anacheka kabisa, sijawahi kuona meno yake yote. Shangazi, anasema, Jumamosi baba ametaka kutoka! Mwenyewe! Wamekwenda kusikiliza kwaya. Wamekaa benchi la nyuma kabisa mpaka mazoezi yakaisha. Miezi saba mzee hajatoka nyumbani isipokuwa kuja hospitali.

Jumamosi! Zipu ishirini!

Ndani Dereva alikuwa ameshaunganishwa. Nikamsalimia. Akaitikia. Akasema kwaya ni nzuri sana. Mpiga ngoma hakuwepo.

Tu. Akageukia dirisha.

Nilikuwa na zipu zangu kwenye simu, sikuthubutu. Nikasema leo sina wimbo, simu haina chaji. Sista akasema kuna soketi hapo nyuma yako. Nikasema waya wa chaji nimeusahau. Kinyozi akaomba aende msalani, na sindano mkononi! Hatukusikiliza chochote. Saa nne za mashine zikinguruma. Sikujua jinsi chumba hiki kinavyotisha bila wimbo.

Jumatano nasema. Nimekula kiapo. Sitaki uongo wangu ndio uwe kitu cha mwisho alichopewa na mtu.

Jumatano, 19 Machi

Nimesema.

Nilisubiri Sista amalize kuunganisha. Nikamgeukia Dereva. Nikasema Mzee, yule mpiga ngoma ni mimi. Ni cherehani. Ilijirekodi kwa bahati mbaya mara ya kwanza, zile nyingine nilifanya makusudi.

"Najua," alisema. "Nilikaa benchi la nyuma. Ukuta ulikuwa unanipiga mgongoni."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uone aibu."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake. Hakuwa anatania. Akaanza kuongea, na Dereva si mtu wa kuongea. Akasema kila mtu anambembeleza. Daktari anambembeleza, binti anambembeleza mpaka kazi inamtoka mikononi, na yeye alidhani kwenye waya huu angalau tunasikilizana kama watu wazima. Kumbe na hapa alikuwa anaimbiwa kama mtoto anayekataa kulala. Akasema ngoma ilikuwa nzuri, hilo hakatai. Lakini amefichwa.

Damu ilinichemka, na ndiyo kwanza ilikuwa inasafishwa. Nikamwambia ndiyo, nimekuficha, na ningekuficha tena, kwa sababu wewe unapanga kufa kwa heshima na sisi tubaki hapa tunatazama kiti. Mwalimu akasema Fundi, taratibu. Nikasema sina taratibu! Mashine ikalia. Sista akaja, akabonyeza, akatutazama wote wanne, akaondoka bila kusema.

Dereva akachomoa hedifoni zake kwenye waya. Akazikunja vizuri, akaziweka mfukoni mwa shati.

"Basi mwisho wa mwezi wa nini," alisema. "Ijumaa siji."

Nilitafuta la kusema kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Nililopata ni hili:

"Ijumaa ni zamu yako ya wimbo. Umeruka za kutosha."

Akageukia dirisha mpaka saa zilipoisha. Binti yake alipokuja alisoma nyuso zetu, akamfunga baba yake vifungo vya koti bila kuuliza kitu.

Nimeharibu. Alikuwa na siku kumi na mbili, mimi nimemwachia mbili. Nimejifungia chooni nikalia, kisha nikanawa uso. Nimeshafumua mishono mibaya kuliko huu. Sijamalizana naye.

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu amepiga simu, anataka twende nyumbani kwa Dereva wote watatu, tumwombe. Nimekataa. Hiyo ndiyo ile ile ya kumbembeleza, tutamkuta amefunga mlango.

Nimeandika ujumbe nikafuta mara sita. Mwisho nimetuma huu: "Zamu yako kesho. Uwe mpya. Useme umeupata wapi." Hakuna pole, hakuna tafadhali. Namwandikia mtu mzima.

Umesomwa saa nane mchana. Haukujibiwa.

Kwaya wameimba nyuma ya ukuta. Sikurekodi. Nilishona tu.

Ijumaa, 21 Machi

Saa moja na nusu. Tumepimwa uzito watatu. Kiti cha dirishani kitupu, blanketi limekunjwa juu yake. Sista ameandaa mashine yake kama kawaida. Nimemwuliza mpaka saa ngapi. Amesema anaweza kungoja mpaka saa tatu. Zaidi ya hapo zamu ya mchana itachelewa, na wao pia ni wagonjwa. Ana haki.

Kwa Dereva si mbali. Dakika kumi kwa gari.

Saa mbili. Tumeunganishwa. Waya nimeutandika kama siku zote, matundu matatu yana watu. Kinyozi ameuliza tuweke nini. Nimesema hatuweki kitu, si zamu yetu.

Saa mbili na robo. Mwalimu anasali midomo tu. Kila mlango wa lifti ukifunguka kule korido tunageuka wote. Amepita mfagiaji. Amepita mtu na maua, amepotea njia.

Sitampigia. Nimesema sitampigia.

Saa mbili na dakika ishirini na tano. Anapiga yeye! Jina lake kwenye simu yangu. Naandika huku nasikiliza, herufi zinakimbia. Simu iko juu ya blanketi, waya umo, wote watatu tunamsikia.

Hakusalimia. Ameuliza tu kama ni zamu yake. Nimesema ni yako. Akasema basi tusikilize, na tusiongee mpaka uishe, kama zinavyosema kanuni zangu.

Akabonyeza alichorekodi. Maji ya bomba. Sahani. Kijiko kimeanguka ndani ya beseni. Halafu mwanamke, chini chini, kwa pumzi zaidi ya sauti. Anaimba kitu kisicho na maneno, kinapanda, kinasita, kinashuka pembeni ya pale ulipodhani kitashuka. Anarudia kile kipande. Mara hii anakipandisha zaidi. Sahani nyingine. Sijawahi kusikia wimbo huo, na nadhani hakuna aliyewahi kuusikia. Dakika moja hivi. Halafu kikohozi cha mzee, karibu na simu. Sauti ikanyamaza pale pale. Yamebaki maji.

Akarudi kwenye simu. Akasema ameupata jikoni kwake, jana asubuhi. Ni binti yake. Anasema tangu alipokaa lile benchi amekuwa akisikiliza kuta za nyumba yake.

"Ana miaka thelathini na minne," alisema. "Sikujua kama anaimba. Nilikuwa barabarani."

Kisha akasema, haya, neno moja moja.

Mwalimu amesema ana pumzi ndefu, na hajafundishwa, na asifundishwe. Kinyozi alijaribu kusema akashindwa, akasema tu Mzee, Mzee, mara mbili.

Zamu yangu. Nilikuwa na maneno mengi tangu Jumatano. Nimeuliza moja.

"Anajua kwamba umemsikia?"

"Hajui. Nikikohoa tu ananyamaza. Nilikizuia kikohozi mpaka nikaona nyota."

"Yuko wapi sasa?"

Akashusha sauti. Amesema yuko mlangoni. Amemwambia tangu alfajiri kwamba leo haendi hospitali, awahi kazini. Binti amevaa viatu, ameshika mkoba, na kwa nusu saa nzima anajifanya anatafuta funguo.

"Basi nani atamwambia?" nikamwuliza.

Simu haijakatwa. Namsikia anapumua. Mwalimu amenishika mkono huu wa kuandikia, nimeuchomoa, nahitaji kuandika. Saa mbili na dakika arobaini. Sista amekuja amesimama kando ya mashine ya dirishani, ananiuliza kwa nyusi. Nimemwashiria angoje.

Kiti kinaburutwa. Hatua, taratibu, na ile fimbo yake. Simu ameiacha mezani, sauti inakwenda mbali. Anaita. Anamwita "mama", kama akina baba wanavyowaita binti zao, mara ya kwanza kwa sauti ndogo, ya pili kubwa.

Funguo zimeanguka sakafuni. Sista amevaa glavu.